Balbu ya wati 60 iliyotaka kuwa hita

Siku niliyopata multimita yangu ya kwanza, kifaa cha kupima volti, ampea na omu, nilipima kila kilichokuwa karibu. Funguo, vijiko, betri za rimoti, vidole vyangu vikiwa vikavu, kisha vidole hivyohivyo baada ya kuvilowesha (omu, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme, zilishuka vibaya mno, na tangu siku hiyo sigusi swichi na mikono ya maji). Mwishowe nikachukua balbu ya zamani, ile ya uzi unaowaka, iliyoandikwa kichwani 230V 60W. Ncha moja ya mita nikaiweka kwenye kitako cha balbu, nyingine ubavuni kwenye bati la skrubu. Kioo kikasoma 68.

Omu 68. Nikachukua kalamu. Volteji ikiwa 230 na ukinzani 68, nguvu ni 230 mara 230, gawanya kwa 68. Jibu: wati 778.

Wati 778 si balbu, ni hita. Nikabadilisha betri ya mita. Nikatafuta balbu nyingine ya aina ileile, ikasoma 66, yaani hali ikazidi kuharibika. Nikahitimisha kwamba mita ni mbovu na nikairudisha kwenye boksi lake, na huko ikakaa wiki mbili kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Hesabu yenyewe haina makuu. Volti ukigawanya kwa ampea unapata omu, huo ndio ukinzani. Volti ukizidisha kwa ampea unapata wati, hiyo ndiyo nguvu. Zile nyingine mbili zinazojaza kurasa za vitabu, yaani mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, na volteji kipeo cha pili gawanya kwa ukinzani, ni hizohizo mbili zilizovishwa nguo nyingine. Ukizisahau hujapoteza kitu. Utazitengeneza upya nyuma ya bahasha.

Kinachotuchanganya zaidi ni maneno ya kila siku. Mtu akisema "umeme ni mdogo leo", anazungumzia volti. Akisema "friji hii inakula umeme", anazungumzia nishati, kilowati-saa. Akisema fulani "amepigwa na umeme", kilichomdhuru ni mkondo uliopita mwilini mwake. Neno moja limebeba mizigo mitatu, kisha tunashangaa mwanafunzi akichanganya.

Na hilo la kula nalo lilinisumbua miaka. Hakuna ampea inayoliwa. Mkondo unaoingia kwenye balbu kwa waya mmoja ndio huohuo unaotoka kwa waya wa pili, haujapungua hata chembe. Kinachoshuka njiani ni volti. Kila kulombu moja ya chaji ikishuka volti moja inaacha jouli moja ya nishati pale iliposhukia. Ampea moja ni kulombu moja kwa sekunde, wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Basi, zidisha. Siku nilipoiona hivyo niliacha kuikariri fomula ya nguvu, kwa sababu hapakubaki kitu cha kukariri.

Turudi kwenye balbu. Nilichokifanya baadaye ndicho nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: kuipima ikiwa inawaka. Huwezi kuweka kipimo cha omu kwenye kitu chenye umeme. Mita inapopima omu inasukuma mkondo mdogo kutoka kwenye betri yake yenyewe, na ukiikutanisha na volti 230 ikiwa katika hali hiyo, kwa bahati nzuri utapoteza fyuzi, kwa bahati mbaya utapoteza mita na pengine macho. Kwa hiyo unapima volti, unapima ampea, kisha unagawanya.

Niliazima mita ya koleo, ile ambayo taya zake zinaukumbatia waya bila kuukata. Shida ni kwamba robo ampea ni kidogo sana kwa koleo la kawaida, namba inachezacheza tu. Dawa yake ni rahisi na huwa inanifurahisha kila mara: umeme ukiwa umezimwa, unauzungusha waya mara kumi kupitia ndani ya taya, koleo linahesabu mkondo uleule mara kumi, nawe unagawanya jibu kwa kumi. Lazima uwe waya mmoja tu kati ya ile miwili. Ukikumbatia yote miwili kwa pamoja, mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana na koleo linasoma sifuri, na utakaa hapo ukiilaumu mita kama nilivyozoea mimi.

Koleo likasoma 2.6. Yaani ampea 0.26. Volti 230 gawanya kwa 0.26 ni omu 885 hivi. Volti 230 mara 0.26 ni wati 59.8.

Balbu ileile ikiwa baridi ina omu 68, ikiwaka ina 885. Imepanda mara kumi na tatu. Uzi wa ndani ni wa tungsteni, na tungsteni kama metali nyingi inazidi kuukinza mkondo kadiri inavyopata joto. Uzi unaowaka hufika kelvini 2,700 hivi, joto ambalo chuma kingekuwa kimeyeyuka zamani. Hesabu yangu ya wati 778 haikuwa upuuzi, basi. Ndiyo nguvu ambayo balbu inaivuta kweli katika kile kitambo kifupi mno cha kwanza, kabla uzi haujapata moto. Ampea 3.4 zinapita kwenye kitu kilichotengenezwa kwa robo ampea. Ndiyo maana balbu za aina hii zilikuwa na tabia ya kufa palepale unapobonyeza swichi, na mara chache sana zikiwa zinawaka kwa utulivu.

Tangu hapo nina kanuni yangu: sikiamini kipimo cha kitu kilicholala. Ukinzani ninaoujali ni ule unaopatikana kwa kugawanya volti na ampea wakati kifaa kiko kazini.

Aliyetupa mgawanyo huu, Georg Simon Ohm, alikuwa mwalimu wa shule huko Cologne, Ujerumani, mtoto wa fundi kufuli, na naamini hilo la fundi kufuli lilimsaidia kuliko vitabu, maana vifaa vyake alihitaji kuviunda mwenyewe. Tatizo lake la kwanza lilikuwa chanzo cha umeme. Betri za wakati ule, za ukoo wa ile aliyoitangaza mwanasayansi Mwitaliano Volta mwaka 1800, zilikuwa zinachoka katikati ya jaribio. Anabadilisha waya, mkondo unabadilika, naye hajui kilichobadilika ni waya au ni betri. Akapewa ushauri wa kutumia kitu kilichogunduliwa miaka michache nyuma na mwanafizikia Seebeck: ukiunganisha metali mbili tofauti, ungio moja likiwa la moto na jingine la baridi, unapata volteji ndogo lakini tulivu. Ohm akatumia bismuthi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka, upande mwingine kwenye barafu. Maji yakichemka na barafu ikiyeyuka, joto halihami, na volteji nayo haihami. Ndipo akaanza kubadilisha urefu wa nyaya za shaba na kusoma sindano ya sumaku iliyoning'inizwa.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Wenzake hawakukipokea vizuri. Heshima ilikuja mwaka 1841, Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, ilipompa medali ya Copley. Mwaka huohuo Joule, mwanafizikia Mwingereza, alichapisha matokeo yake kwamba joto linalotoka kwenye waya linafuata mkondo kipeo cha pili mara ukinzani. Watu wawili tofauti, na hesabu zetu zote za nyumbani ziko hapo.

Kinachonivutia kwa Ohm ni kwamba kanuni aliyoandika kutokana na vipimo vyake haikuwa hii fupi tunayofundishwa. Chini ya mstari wa kugawanya aliweka vitu viwili vinavyojumlishwa: ukinzani wa waya unaopimwa, na ukinzani wa saketi nyingine yote, chanzo kikiwemo. Sisi tumeukata huo wa pili ili fomula iingie vizuri kwenye ubao. Na hapo ndipo betri zinapotudanganya.

Chukua betri ya volti 12 iliyochakaa. Ukiipima imelala inasoma 12.4, unaona iko salama. Iunganishe na kitu kinachovuta ampea 5, na uipime hapohapo ikiwa inafanya kazi: 9.4. Volti 3 zimepotelea wapi? Ndani ya betri yenyewe. Tatu gawanya kwa tano, omu 0.6. Betri nzima ya gari huwa na sehemu ndogo sana ya omu, yaani ukiigawa omu moja vipande elfu, ni vipande kadhaa tu. Hii yenye 0.6 ikiombwa mamia ya ampea za kuwasha injini haina cha kutoa. Na ule mkondo wa ampea 5 ukizidisha kwa volti 3 zilizopotea unapata wati 15 zinazoipasha betri moto bure. Hakuna mita ya omu itakayokuonyesha hilo. Ni vipimo viwili vya volti na kimoja cha ampea, kutoa na kugawanya.

Ukinzani bila nguvu nao ni nusu ya habari, na hili nimelilipia kwa moshi. Nilikuwa na kitaa cha volti 6 kinachovuta nusu ampea, na chanzo cha volti 12. Nikapiga hesabu kwa majivuno: zinahitajika volti 6 zishukie kwenye rezista, kile kijiti kidogo cha kuukinza mkondo, mkondo ni 0.5, kwa hiyo omu 12. Nikaipata kwenye kopo langu, mistari ya rangi inayotaja omu zake ikiwa kahawia, nyekundu na nyeusi, sahihi kabisa. Nikaunga. Kitaa kikawaka vizuri kwa muda wa kuhesabu mpaka nne au tano. Kisha rezista ikatoa uzi mwembamba wa moshi, rangi zake zikageuka zote kahawia, na harufu ile haikutoka chumbani siku nzima.

Omu zilikuwa sawa. Nilichokisahau ni kuzidisha: volti 6 mara nusu ampea ni wati 3. Rezista niliyotumia ilikuwa ya robo wati. Nilikuwa nimeibebesha mara kumi na mbili ya uwezo wake. Ukubwa wa mwili wa rezista hauhusiani na omu zake, unahusiana na joto inaloweza kulitoa, na joto hilo huwezi kulijua kwa kusoma mistari ya rangi. Sasa nikishapata omu huwa nazidisha palepale, kabla sijainua kalamu, kisha nachukua rezista yenye uwezo mara mbili ya jibu.

Kipeo cha pili nacho kina visa vyake. Hita ya maji ya wati 2,000 kwa volti 230 inavuta ampea 8.7, na ukinzani wake ni omu 26.45. Waya wa hita umetengenezwa kwa aloi, mchanganyiko wa metali, ambayo ukinzani wake haubadiliki sana na joto, kwa hiyo hapa, tofauti na kwa balbu, omu za baridi na za moto zinakaribiana. Sasa umeme uwe "mdogo", volti 190. Mtu atasema zimepungua asilimia 17, basi nguvu nayo imepungua asilimia 17. Hapana. Volti zikipungua, ampea nazo zinapungua, na nguvu ni zote mbili. 190 mara 190 gawanya kwa 26.45 ni wati 1,365. Karibu theluthi imeondoka. Lita moja na nusu ya maji yenye nyuzi 20 inahitaji jouli kama laki tano kufika kuchemka. Kwa wati 2,000 ni dakika nne na kidogo, kwa 1,365 ni dakika sita na kidogo, hapo sijahesabu joto linalotoroka. Bili haijapungua kwa kiasi hicho, ila subira yako imepungua.

Chaja ya simu haifuati hadithi hiyo. Ndani yake kuna saketi inayotaka nguvu ileile siku zote, kwa hiyo volti zikishuka yenyewe inavuta ampea zaidi. Ukiigawanya volti kwa ampea utapata namba, lakini namba hiyo ni ya dakika ile tu. Na feni, ambayo ina koili, itakupa jibu jingine la ajabu: zidisha volti na ampea utapata namba iliyozidi wati halisi, kwa sababu kwa umeme unaopishana, huu wa ukutani unaogeuza mwelekeo kila mara, mkondo na volteji haviendi kwa hatua moja, na sehemu ya mkondo inaenda na kurudi bila kufanya kazi. Hapo inabidi uzidishe na kigezo cha nguvu, na mita yako ya kawaida haikijui. Kwa hita, pasi na balbu ya uzi, hesabu fupi inatosha.

Hita hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye ekstensheni. Ilikuwa ekstensheni ya mita 25, waya wa milimita mraba 1.5, ambayo tulikuwa tunaitumia bila wasiwasi. Siku moja nikaona maji yanachelewa kuchemka. Nikapima ekstensheni kwa omu, ikiwa imechomolewa: mita ikasoma kama omu moja hivi, ikicheza juu na chini. Nyaya za mita zenyewe zina sehemu ya omu, na kushika ncha vibaya kunaongeza nyingine, kwa hiyo kipimo hicho hakikuniambia kitu nilichoweza kukiamini.

Nikaipima kazini. Hita ikiwa imewaka, kwa uangalifu mkubwa, nikasoma volti 229 ukutani. Nikasoma 220 mwisho wa ekstensheni. Koleo likasoma ampea 8.3. Volti 9 zilikuwa zinabaki njiani. Tisa gawanya kwa 8.3 ni omu 1.08. Tisa mara 8.3 ni wati 75 zinazopasha joto kitu ambacho hakikutakiwa kupata joto kabisa.

Sasa, kiasi fulani ni haki ya shaba. Waya wa unene huo una omu 0.0115 kwa kila mita, na umeme unakwenda mita 25 na kurudi mita 25, kwa hiyo hamsini. Jumla omu 0.575, ambazo kwa ampea 8.3 zinachukua volti 4.8. Hizo zimetawanyika kwenye mita hamsini za waya, karibu wati 40 zilizogawanywa kwenye urefu wote, na waya ukinyooshwa wote unapoa vizuri. (Ukiuacha umezungushwa kwenye kibiringita chake ni kesi nyingine, joto linakosa pa kwenda.) Lakini 4.8 si 9. Palibaki volti 4.2 zisizo na maelezo. Ukizidisha kwa 8.3 unapata wati 35.

Wati 35 ndiyo nguvu ya kile chuma cha kawaida cha kuchomelea risasi mafundi wa redio wanachotumia. Mahali fulani kwenye ekstensheni ile palikuwa na chuma cha kuchomelea kilichofichwa ndani ya plastiki, nacho kilikuwa kikiwaka kila tulipochemsha maji.

Kukitafuta hakukuhitaji hesabu tena. Nilizima, nikachomoa, nikapitisha mkono. Waya ulikuwa vuguvugu, sawasawa mwanzo hadi mwisho. Soketi ya mwisho, vuguvugu. Plagi ya ukutani ilikuwa ya moto kiasi cha kunifanya niuondoe mkono, na upande mmoja, karibu na pini ya kushoto, plastiki nyeupe ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya chai. Nilipoifungua nikakuta skrubu imelegea nusu mzunguko. Nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, kadhaa zimekatika, na zilizobaki zilikuwa zimeshikwa pembeni tu. Nusu omu nzima ilikuwa imekaa kwenye eneo dogo kuliko punje ya mchele. Shaba ikipata joto inafanya kutu nyeusi, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Mchezo huo hauna pa kuishia isipokuwa moto.

Nilikata sentimita tano za waya hadi kwenye shaba inayong'aa, nikazisokota nyuzi zote, nikafunga kwenye plagi mpya na kukaza skrubu. Nikarudia vipimo palepale: ukutani 229, mwishoni 224, ampea 8.45. Tano gawanya kwa 8.45 ni omu 0.59, shaba na vilivyobaki. Hita ilikuwa sasa inapata wati 1,893 badala ya 1,826. Tofauti ya wati 67 haionekani kwenye birika, na nadhani kule kuchelewa kwa maji kulikonishtua mwanzoni kulitokana na umeme kuwa mdogo siku ile kuliko plagi. Niliikamata plagi kwa bahati, nikiwa natafuta kitu kingine. Ile ya zamani nimeiweka kwenye droo pamoja na balbu ya omu 68, na skrubu yake bado imelegea vilevile.